Vitambaa Ishirini na Tisa

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa nne, saa moja na robo asubuhi, kwa sababu mkubwa mmoja alikuwa apite barabarani. Ndivyo ilivyo siku zote: mkubwa akipita, mdogo ndiye anayeumia. Tangu Jumatatu mawe ya kando ya barabara yalikuwa yamepakwa chokaa, majani yamefyekwa, wachuuzi wamefukuzwa, na kila kilichofanana na uchafu kimeondolewa. Katika huo uchafu kilikuwamo kijiti kimoja chenye kitambaa chekundu, kilichosimikwa kwenye shimo la chemba mbele ya zahanati, pale maji ya mvua yanapotumbukia kwenda chini ya barabara. Mfuniko wa chuma wa shimo hilo ulikuwa umeibwa na watu wa vyuma chakavu miaka miwili nyuma. Barua tatu ziliandikwa. Barua zilifika, mfuniko haukufika.

Kijiti kile alikisimika fundi cherehani wa mtaa huo, ambaye watu walimwita Mama Pindo. Jina lilitokana na ugonjwa wake mmoja usio na dawa: hakuweza kuona ukingo wa kitambaa akauacha bila kuupinda. Alipinda mapazia, akapinda matambara ya kudekia, akapinda hata kipande cha kuzibia chupa ya mafuta ya taa. Mumewe, ambaye alikuwa seremala, alizoea kumtania kwamba iko siku ataamka akute masikio yake yamepigwa pindo.

"Yangekaa vizuri zaidi kuliko sasa," mkewe alikuwa akimjibu, bila kuinua macho kwenye cherehani.

Jumanne hiyo mvua iliwahi kuliko mkubwa. Maji ya kahawia yakaifunika barabara yote, shimo halionekani na kijiti hakipo. Mama Pindo alichungulia dirishani, akaona. Akachukua kijiti kingine na kitambaa kingine, akatoka kwenda kukisimika. Hakuna aliyelijua shimo lile kuliko yeye, lakini maji hayana alama. Walimtoa upande wa pili wa barabara saa tatu, kitambaa kikiwa bado ndani ya ngumi yake. Msafara wa mkubwa ulikuwa umeshapita. Ulipita njia nyingine, kwa sababu ya mvua.

Samaki huoza, mbao huoza, na ahadi ya mwenye ofisi huoza kabla wino haujakauka. Kitu kimoja tu wazee walituachia neno kwamba hakiozi, nacho ni wema. Walikuwa na maana kwamba jambo jema alilolitenda mtu halipotei hata mwenyewe akifukiwa. Litajificha, litakawia, lakini siku yake ikifika litachipua. Seremala alilisikia neno hilo pale mazishini, likitoka kinywani mwa mwenyekiti wa halmashauri, naye akalitemea mate moyoni. Wema wa mkewe ulikuwa umempeleka wapi, kama si shimoni?

Baada ya matanga alishika njia ya ofisini. Alikuwa na swali moja, wala halikuwa refu: ni nani aliyeamuru kijiti king'olewe? Mfagiaji alisema aliagizwa na msimamizi. Msimamizi alisema agizo lilitoka juu. Huko juu walisema mambo ya vijiti huulizwa chini. Swali likapanda ngazi, likashuka ngazi, mpaka likachoka kama mwenyewe.

Wakubwa walipoona haachi kuja, walimletea kitu cha kumnyamazisha. Walianzisha ufadhili na kuupa jina la marehemu. Kila mwaka mwanafunzi mmoja wa sekondari aliyeihudumia jamii angelipiwa ada mpaka amalize shule. Na ili ionekane familia imeridhika, karatasi ya mshindi ingetiwa sahihi na mume wa marehemu. Bila sahihi yake, hakuna ufadhili.

"Wamemwacha atumbukie chini, sasa wanamtundika ukutani," Seremala alimwambia shemeji yake, dada wa marehemu, aliyekuwa akija kumfulia siku za Jumamosi. "Na shimo liko wazi vile vile."

"Sasa Shemeji, mtoto wa watu akilipiwa ada, shimo litakuwa limeongezeka kina?"

"Sitii sahihi. Ng'o."

"Haya. Lea jipu lako. Ila hilo shati nalo ulilete, si la kutembea nalo."

Hapo ndipo Seremala alipofanya kosa ambalo ni mtu mwenye uchungu kama wake tu angeweza kulifanya. Wiki ya sita baada ya mazishi, akienda karakana alfajiri, alikuta kijiti kimesimama tena kwenye shimo, na kitambaa chekundu juu yake. Damu ilimchemka. Hakujiuliza mara mbili: hao ni wale wale wa halmashauri, chuma kimewashinda, sasa wanalivisha shimo nguo ili dhamiri yao ipite salama. Akakishika kijiti, akakichomoa, akakilaza kando, akakifungua kitambaa na kukitia mfukoni. Alitaka shimo likae uchi, magari ya wakubwa yakipita kwenda kikaoni walione, waone haya.

Halmashauri ilikuwa na vikao Jumatatu na Alhamisi, kwa hiyo naye alikuwa na kikao chake siku hizo hizo, saa kumi na mbili asubuhi. Tusimsingizie: siku ya mvua hakukigusa, na usiku hakukigusa, maana hakuwa mtu wa kutaka mwenzake avunjike mguu. Mwanga ukishatoka, alijiambia, kila mwenye macho atajionea. Lakini ajabu yake ni kwamba kila alipong'oa alfajiri, jioni akirudi alikuta kijiti kimesimama, na kitambaa kipya. Wiki zikapita hivyo, yeye aking'oa na wao wakisimika, kama watu wawili wanaovutana shuka usingizini. Vitambaa alivitia kwenye debe tupu la rangi, chini ya meza yake ya kazi. Hakuvitazama hata kimoja. Huo ulikuwa ushahidi, na ushahidi alikuwa akiuwekea siku yake.

Siku hiyo ilifika Alhamisi moja karibu na mwisho wa muhula, kamati ya ufadhili ilipomwita. Kikao kilikuwa saa mbili asubuhi. Saa kumi na mbili alipita shimoni kama kawaida, akang'oa, akatia kitambaa kwenye debe pamoja na wenzake, akalibeba debe hadi ofisi za halmashauri. Mlinzi wa mlangoni alimtazama.

"Unakwenda kupaka rangi, Fundi?"

"Nakwenda kuwapaka," Seremala alijibu, akapanda ngazi.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu yenye sura ya mbao. Seremala aliikwaruza kwa ukucha, akagundua ni karatasi iliyobandikwa. Hakushangaa. Kiti alichopewa alikitambua. Alikitengeneza yeye mwenyewe miaka kumi na miwili iliyopita, na mtu fulani alikuwa amekipigilia msumari mguuni badala ya kukitia gundi. Msumari ule ulimuuma kuliko hotuba ya ufunguzi. Mbele yake walikaa Mwenyekiti, mtu mnene mwenye miwani ya kamba, na Mwalimu Mkuu wa sekondari, mama mwembamba aliyekuwa na rejista mapajani.

Wanafunzi waliobaki kwenye mchujo walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mvulana mrefu, mpole, ambaye wenzake walimwita Faili, kwa sababu hakutembea bila faili la buluu zito kama tofali. Ndani mlikuwa na saa mia mbili na kumi na nne za huduma, kila saa na mhuri wake: miti aliyopanda, wazee aliowatembelea, picha za miti, picha za wazee. Mwenyekiti alizifunua kurasa kama mtu anayekula embe bivu.

"Hiyo miti inaendeleaje?" Seremala akauliza.

"Ipi, Mzee?"

"Uliyoipanda."

Faili alikuna shingo. "Kusema kweli, Mzee, sijarudi kuitazama."

Hakudanganya, na hilo Seremala alimwekea alama.

Wa pili alikuwa msichana, naye hakuwapo. Walimngoja mpaka Mwenyekiti akaanza kugonga kalamu mezani. Saa mbili na nusu ndipo mlango ulipofunguliwa, akaingia binti mfupi, anahema, sare imefuliwa mpaka imepauka, viatu vina tope jeusi hadi kwenye kamba. Shuleni walimwita Mkia, maana kwenye mstari wa asubuhi wa mwisho alikuwa yeye. Mama yake alikuwa mfua nguo za watu, na kwa kuwa ada ilikuwa imemshinda, alikwishamtafutia binti nafasi kwenye duka la mikate, aanze Jumatatu muhula ukifungwa. Ama ufadhili huu, ama tanuri. Mkia alilijua hilo, na bado alichelewa.

"Binti, hata siku ya kuombewa ada?" Mwenyekiti akasema.

"Shikamooni. Nisameheni, Mheshimiwa. Kulikuwa na kazi kidogo njiani."

"Kazi gani?"

"Ndogo tu."

Mwalimu Mkuu alishusha pumzi, kama mzazi anayeona mtoto wake akijimwagia mchuzi mbele ya wageni. "Darasani ni mzuri," akaanza. "Hesabu anazitafuna kama karanga. Lakini siwezi kuficha. Mwaka huu amechelewa mara thelathini na moja. Tumemwonya, tumemwadhibu, tumemwita mama yake. Na karibu zote ni Jumatatu na Alhamisi. Tulifikiri siku hizo anauza kitu sokoni."

"Na huduma kwa jamii?"

"Ameandika mstari mmoja. 'Nilikuwa nikimsaidia Mama Pindo kuokota mabaki ya vitambaa baada ya shule.' Mhuri hakuna."

"Mama Pindo ndiye angepiga mhuri," Mkia akasema polepole, akiangalia viatu vyake.

Seremala alimtupia jicho. Alikumbuka kwamba jioni akirudi nyumbani alizoea kukuta watoto wa mtaa wamejikunja chini ya cherehani, wakiokota vipande. Aliona migongo tu, wala hakuwahi kuuliza huu ni mgongo wa nani. Wakati huo Mwenyekiti alikuwa amekwishafunga makaratasi.

"Sidhani kama pana mjadala," akasema. "Mwenye mihuri anajulikana. Fundi, weka sahihi hapa kwenye karatasi ya huyu kijana wa kwanza, tumalize. Binti, unaweza kwenda."

Mkia aliinuka kwenye kiti cha karibu na mlango. Seremala naye aliinuka.

"Kabla ya sahihi," akasema, "nami nina faili langu."

Akalipindua debe mezani. Vitambaa vikamwagika juu ya ile mbao ya uongo, vyekundu tupu, vingine vimepauka, vingine vina tope, mpaka kimoja kikaangukia kwenye kikombe cha chai cha Mwenyekiti.

"Hiyo ndiyo huduma yenu kwa jamii," Seremala akasema. Sauti yake haikupanda. Ilikuwa imengoja muda mrefu mno kupanda. "Mke wangu amekufa mbele ya zahanati, nanyi mnaweka matambara. Kila siku ya kikao mnavisha shimo nguo, magari yenu yapite yasione uchi. Mfuniko mmoja umewashinda. Halafu mnaniambia nitie sahihi."

Mwenyekiti alikitoa kitambaa kwenye chai, akakishika kwa vidole viwili. Akavua miwani. "Fundi," akasema, "kijiti kile si ni cha kwako?"

"Cha kwangu?"

"Sisi sote tunajua ni wewe unayekiweka ili kutuaibisha. Miezi minne hii nikipita pale nageuza shingo upande wa pili mpaka imekakamaa. Halmashauri haijawahi kununua hata uzi wa kitambaa hiki."

"Mimi nakiweka?" Seremala akasema. "Mimi naking'oa."

Walitazamana. Mwalimu Mkuu akawatazama wote wawili, kama anayesahihisha mtihani ambao wanafunzi wote wamekosa. Ndipo waliposikia nyayo. Mkia alikuwa hajatoka. Alikuja hadi mezani, akaokota kitambaa kimoja, akakikung'uta, akakikunja mara mbili, akakiweka kando. Akaokota cha pili.

"Samahani, Baba," akamwambia Seremala. "Hivi ni vyangu."

Akaokota cha tatu, kisha akamgeukia tena.

"Kumbe ni wewe?" Mkia akasema. "Mimi nilidhani ni mbuzi."

"Mbuzi?" Seremala akasema. "Mbuzi gani anafungua fundo, anaondoka na kitambaa, na kijiti anakilaza kando?"

"Ndiyo maana nikasema huyu mbuzi ana adabu zake."

Mwalimu Mkuu aliziba mdomo kwa rejista. Lakini Seremala hakucheka. Alikuwa ameokota kitambaa kimoja, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuvikusanya, alikitazama. Kilikuwa kimepindwa. Ukingo wote, pande nne, umekunjwa mara mbili, na mishono midogo imelala upande kama punje za mchele. Mshono ule aliujua kama anavyojua mlango wa nyumba yake. Ulikuwa kwenye kola ya shati alilovaa. Ila kwenye kona moja punje zilikuwa zimepotea njia, zikarudi, na hapo palionekana mkono wa mtu aliye bado kwenye kujifunza. Akaokota kingine. Nacho kimepindwa. Vyote.

"Nani alikufundisha kupinda?" akauliza, ingawa alijua.

"Mama Pindo. Alisema kitambaa kisichopindwa upepo unakila siku tatu tu. Alinipa mfuko mzima wa mabaki ya bukta za michezo. Alisema kama siku moja mgongo wake ukikataa, mimi niangalie shimo." Akakunja kitambaa kingine. "Ile Jumanne nilikuwa shuleni, Baba. Nilikuwa nimewahi siku hiyo."

Seremala alikaa. Kiti kikalia kwenye msumari wake.

"Mbona hukuandika haya kwenye fomu, mwanangu?"

"Fomu imeuliza huduma yangu. Ile ni kazi yake. Mimi nimemshikia tu."

Mwalimu Mkuu alikuwa amefungua rejista, kidole kinashuka kwenye safu ya tarehe. "Vitambaa ni vingapi?" akauliza. Walivihesabu pamoja, Mwenyekiti akisaidia. Vilikuwa ishirini na tisa, pamoja na kile cha asubuhi hiyo na kile cha chai.

"Rejista ina thelathini na moja," akasema.

"Mara mbili nilipitiwa na usingizi, Mwalimu," Mkia akajibu.

Hapo hata Mwenyekiti alicheka, tumbo likatikisa meza. Alipokwisha kucheka akarudi kuwa mwenyekiti. Akaifungua kanuni, akaisoma kwa huruma, lakini akaisoma. Saa zisizo na shahidi wala mhuri hazihesabiki. Yeye binafsi angependa, lakini kanuni ni kanuni, na ukaguzi upo.

"Kanuni inataka shahidi?" Seremala akauliza.

"Shahidi aliyeona kwa macho yake."

"Basi leta hiyo fomu. Utampata wapi shahidi mzuri kuliko mwizi mwenyewe?"

Akatoa penseli ya useremala sikioni. Mwenyekiti akasema penseli hairuhusiwi. Mwalimu Mkuu akampa kalamu yake. Na Seremala, ambaye shule aliiachia darasa la nne na tangu hapo hakuandika zaidi ya vipimo vya milango, aliinama juu ya karatasi akaanza kuchonga herufi moja moja. Mwalimu Mkuu alimsomea tarehe, naye mbele ya kila tarehe akaandika maneno yale yale: Alisimika. Nikang'oa mimi. Kisha sahihi. Ilipojaa fomu wakaongeza karatasi. Jasho lilimtoka kuliko siku ya kupasua magogo. Mstari wa ishirini na tisa ulipokwisha, aliiweka kalamu chini, akaunyoosha mkono uliokuwa umekufa ganzi.

Mwenyekiti aliisoma ile kazi toka juu hadi chini. Alitoa mhuri kwenye droo, akaupulizia pumzi kama anayepoza uji, akagonga. Aligonga mara ishirini na tisa, hakuruka hata moja. Halafu akasukuma mbele karatasi ya mshindi, iliyokuwa bado wazi mahali pa jina. Seremala, aliyeapa kwamba hatatia sahihi, alitia.

Mkia hakurukaruka. Aliomba tu kama anaweza kuondoka na vitambaa vyake, kwa kuwa bado vinafaa.

Walishuka ngazi pamoja, yeye na debe, Seremala na mikono mitupu. Mbele ya zahanati walisimama. Kijiti cha asubuhi kilikuwa pale, kimesimama wima, na tope bichi bado lina alama za viatu vya shule.

"Nimekuchelewesha shule miezi minne," Seremala akasema.

"Si kitu, Baba. Mstari wenyewe una hotuba ndefu."

Aliliangalia shimo, kisha akamwangalia mzee, kisha akaliangalia tena shimo. Alionekana ana neno na anamwonea haya.

"Sema."

"Baba, wewe si seremala?"

"Ndiyo."

"Mbona hukulifunika?"

Jibu alikuwa nalo, alilitembeza miezi minne ofisi hadi ofisi. "Nikilifunika mimi, watasema limefunikwa."

Mkia alilifikiria jibu hilo kwa makini, kama anavyofikiria hesabu. "Si litakuwa limefunikwa?"

Watu wazima wamewahi kumwambia Seremala maneno makali, na wakubwa wamemfungia milango usoni. Hakuna lililompata kama hilo. Aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Jumamosi ile Shemeji alipokuja kufua hakumkuta nyumbani. Alimkuta karakana, amevua shati, anaunganisha mbao ngumu nene kama kitabu kitakatifu, zile alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kabati lake mwenyewe. Alizifunga kwa vyuma pande zote mbili, akaacha katikati tundu dogo. Mkia alikuwa akipiga msasa. Faili naye alikuwapo. Ada ya kwao ilikuwa imelipwa siku nyingi, na matokeo ya kamati hayakumkosesha usingizi. Alisikia pana mzigo mzito wa kubeba, akaja. Safari hii hakuleta faili.

"Na miti yako?" Seremala akamuuliza.

"Nimekwenda, Mzee. Minane imekufa. Mitatu ipo."

"Basi mitatu hiyo ndiyo umepanda."

Waliubeba mfuniko watu wanne, Shemeji akiongoza na kugombeza. Ukaingia mahali pake ukakaa kimya, kama umezaliwa pale. Kwenye lile tundu la katikati Seremala alisimika kijiti, ili maji yakijaa watu wajue pa kukanyaga na wenye magari wajue pa kukwepa. Kitambaa chake alikuwa amekipinda mwenyewe, kwa mkono. Mkia alikigeuza huku na huku.

"Baba, hili pindo limekwenda wapi?"

"Limekwenda kutembea. Litarudi."

"Mama angelifumua."

"Angelifumua," Seremala akakubali, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne alimtaja mkewe akiwa anacheka. "Na mimi angenifumua."

Siku ya kukabidhi ufadhili ukumbi ulijaa. Mama yake Mkia alikaa mbele, mikono yake ya sabuni imetulia mapajani. Picha ya Mama Pindo ilitundikwa ukutani, na Seremala hakuinung'unikia, ila aliinuka mara moja kuinyoosha fremu. Mkia aliitwa, akapanda, akapokea karatasi yake. Alikuwa amewahi. Wanafunzi wote wa kidato chake walisimama wakapiga makofi kwa hilo peke yake.

Kisha Mwenyekiti alitoa hotuba. Akausifu ushirikiano, akausifu mfuniko mpya, akasema halmashauri imelipokea kwa moyo mkunjufu wazo la kutengeneza mfuniko. Seremala alimwacha amalize. Ilipoulizwa kama kuna mwenye swali, mkono wake ulikuwa wa kwanza.

"Mheshimiwa, wema wa mke wangu niliudhani umezikwa, nikauona umesimama kwenye kijiti, umepindwa pande nne. Hilo nimekubali, nalisema mbele za watu. Na vijiti mimi nimeng'oa ishirini na tisa. Nimeviandika kimoja kimoja, nimetia sahihi, umepiga mhuri. Hesabu yangu nimeijibu. Kimebaki kimoja, cha Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa nne."

Mwenyekiti alitazama feni. Msimamizi wa barabara alimtazama Mwenyekiti. Mfagiaji, aliyekuwa amesimama mlangoni na fagio lake, aliwatazama wote wawili, akasubiri kama watu wengine. Mkia alishuka jukwaani akaja kusimama karibu na kiti cha Seremala, karatasi yake mkononi.

Fomu itajaa, chuma kitaibwa, mbao nazo zitafika siku yake, wema hauozi. Lakini kijiti kile cha Jumanne, ni nani aliyeamuru king'olewe?